Gari la Mjomba na Nyundo ya Babu

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu mwenye pikipiki mpaka gereji moja hapa Ruangwa. Kijana wa pale alikuwa amelala chini ya gari dogo anatoa upepo kwenye breki, na mwenzake yuko ndani anakanyaga pedeli huku anachezea simu. Nikasimama kutazama. Fundi mstaafu hawezi kulipita gari lililopigwa jeki, kama mlevi asivyoweza kupita kilabu.

Yule wa chini akachomoa kichwa. "Babu, enzi zenu mafuta ya breki mlikuwa mnayapata wapi huku porini?"

Nikamwambia kweli tupu. "Ya kwanza niliyotumia, nusu ilitoka kwenye kichupa cha bibi yangu cha kupakia watoto wachanga. Nusu nyingine ilitoka kwa Petro, mpika pombe."

Wakacheka, na yule wa ndani akaachia pedeli kabla ya wakati. Upepo ukaingia tena kwenye bomba. Ikabidi waanze upya, na mimi nikarudi nyumbani nikijiambia kwamba watoto hawa wanahitaji kusimuliwa jambo hili polepole, wakiwa hawana pedeli mguuni.

Basi kaeni. Nimeishi chini ya magari ya watu kwa zaidi ya miaka arobaini, na karibu yote niliyofanya yalikuwa breki. Wengine hupenda injini kwa sababu ina kelele na sifa. Mimi huwauliza: injini ikikataa kuwaka, utalala wapi? Nyumbani kwako. Breki ikikataa kushika, utalala wapi?

Lakini sikuzaliwa nayajua hayo. Niliyajua kwa kuharibu gari la mjomba wangu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikiwa na miaka ishirini na kichwa kigumu kuliko nati yenye kutu.

Mjomba Saidi, kaka yake mama, alikuwa dereva na fundi kule Nachingwea wakati wa mashamba makubwa ya karanga. Nyie mmesikia habari zake tu. Sisi tuliona matrekta yakisukuma msitu kama mtu anavyosukuma sahani ya ugali mbele ya mgeni. Kazi ilipokwisha na watu wakaagwa, Mjomba alimwomba bwana mmoja aliyekuwa anafungasha ampe gari lake bovu lililokuwa nyuma ya banda. Lilikuwa gari dogo la kizamani, la kabla ya vita, lenye taa mbili zilizotoka nje kama macho ya chura. Majani yalikuwa yameota mpaka kwenye kiti cha dereva. Yule bwana akasema, lichukue, ila nisilione hapa keshokutwa.

Mjomba akalifunga kwa mnyororo nyuma ya lori la ufuta, akashika usukani, wakaanza safari ya kuja Ruangwa. Somo la kwanza: mnyororo wa kuvutia gari usiufunge kwenye bampa. Mjomba aliufunga kwenye bampa. Walipofika Ruponda bampa likang'oka, lori likaendelea nalo likiruka barabarani kama mbuzi aliyekata kamba, na Mjomba akabaki nyuma ameshika usukani wa gari lisilokwenda popote. Watu wa Ruponda walikuja kumpa pole kwanza, wakacheka baadaye. Hao ni watu wenye adabu. Alipofunga tena, safari hii kwenye chuma cha chini chenyewe, bampa alilitia ndani ya gari.

Alipofika nyumbani, wa kwanza kutoka alikuwa Babu Chitanda, baba yake. Babu alikuwa mhunzi. Majembe, shoka na mundu za nusu ya Ruangwa zilipita chini ya nyundo yake. Alilizunguka gari mara moja, akaligonga mlango kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Chuma kizuri," akasema. "Tutapata majembe mengi."

"Baba, hili ni gari," Mjomba akasema.

"Gari linatembea. Hili nimeona limevutwa."

"Litatembea."

"Na jiwe nalo litatembea ukilifunga kwenye lori."

Wakabishana mpaka Bibi Somoe, mama yake Mjomba, akatoka jikoni na mwiko mkononi kuwaamulia. Babu akatoa hukumu. Gari lipewe muda mpaka mvua ya kwanza, maana mvua ikinyesha watu hutafuta majembe. Kabla ya tone la kwanza liende Nachingwea lilikotoka na lirudi hapa kwa miguu yake. Likishindwa, ni mali ya nyundo.

"Na huyu," akaongeza akininyooshea kidole, "likishindwa ataacha kuzurura na spana. Atakuja kwangu kuvuta mivukuto."

Mivukuto ni ile mifuko ya ngozi ya kupulizia moto wa mhunzi. Nilikuwa nimeivuta tangu utotoni na nilijua ladha yake: moshi machoni, na Babu anakwambia "vuta" hata ukiwa unavuta. Mimi nilitaka ufundi wa magari kama mtu anavyotaka maji. Kwa hiyo mjue tangu sasa kwamba gari lile halikuwa la Mjomba peke yake. Lilikuwa na maisha yangu ndani yake, limeyakalia kama kuku anavyoatamia yai.

Kwetu, kama mnavyojua, mali ya mjomba huenda kwa mpwa. Petro hakuacha kunikumbusha hilo. Petro alikuwa Mmakua kutoka ng'ambo ya Ruvuma, jirani yetu na mtani wetu, Mkristo mwenye kucheka na mwenye pipa la mabibo ya korosho nyuma ya nyumba. Kila akipita anasema, "Saidi, angalia huyo mpwa wako anavyosugua gari. Anasugua urithi! Ukipiga chafya tu, anatazama angani kumshukuru Mungu."

"Mwache asugue," Mjomba hujibu. "Nitaishi mpaka limchakaze yeye."

Na kweli tulisugua. Miezi ile ya kiangazi nyumba nzima iligeuka gereji. Nati zilizoshikwa na kutu Bibi alizilowesha kwenye chungu cha maji mazito ya ukwaju. Jaribuni siku moja: loweka siku mbili, sugua kwa mchanga, suuza vizuri, halafu paka mafuta siku hiyo hiyo, la sivyo kutu inarudi na ndugu zake. Viti vilivyoliwa na mchwa, Bibi alivifunika kwa mikeka aliyoisuka mwenyewe kwa ukindu wa rangi tatu. Mjomba akalalamika kwamba gari linafanana na kitanda cha bibi harusi. Bibi akamwambia, "Uliyeoa mara mbili na kuachwa mara mbili, utakijulia wapi kitanda cha bibi harusi?"

Babu alijifanya hana habari. Lakini chuma kilimvuta. Alikuja asubuhi "kuona majembe yake yanaendeleaje", anasimama, anatikisa kichwa. Siku moja alimkuta Mjomba anahangaika na springi ya nyuma, jani moja limepasuka. Akavumilia kidogo, akashindwa.

"Nipe hapa. Utaua mtu."

Akaenda nalo kwenye moto wake. Nilivuta mivukuto siku hiyo bila kunung'unika, kwa sababu nilitaka kuona. Alitengeneza jani jipya kutoka chuma cha trekta, akalizima kwenye mafuta, kisha akalirudisha motoni taratibu, macho yake hayabanduki. "Angalia rangi, mwizi wa mke wangu," akaniambia. Ndivyo alivyoniita, kwa sababu Bibi aliniita mume wake, kama kawaida ya bibi na mjukuu. "Ikifika rangi ya asali, sawa. Ikipita hapo ikawa bluu kama shingo ya kanga, toa haraka, hapo inajua kupinda na kurudi. Ukiwahi, inakatika. Ukichelewa, inalala kama wewe." Tangu siku hiyo nimetengeneza springi nyingi, na kila mara huitazama ile bluu na kumsikia akinitukana.

Nilifanya makosa mengi njiani, yasiyohesabika. Kuna siku rejeta ilivuja na mtu akaniambia unga wa muhogo kidogo huziba matundu. Kidogo, alisema. Mimi nikatia bakuli. Tukawasha injini, maji yakachemka, na Mjomba alipofungua kifuniko alichungulia ndani kwa muda mrefu. "Mama," akaita, "leta mboga." Siku mbili nilizibua uji kwa waya. Na kuna siku nilizungusha hendeli ya kuwashia injini nimeikumbatia kwa dole gumba. Wazee wenzangu wanajua kinachofuata. Injini hurudisha teke, na dole linalokumbatia hendeli linavunjika. Weka dole upande mmoja na vidole vingine, ili ikikupiga ikutupe tu. Langu halikuvunjika, lakini mpaka leo mvua ikikaribia linanipa habari.

Hayo yote yalisameheka. Sasa nakuja kwenye lile lisilosameheka.

Zilibaki kama wiki tatu mvua ianze. Mikorosho imejaa mabibo, mbingu ya mchana imeanza kukusanya mawingu kisha kughairi. Injini inawaka. Taa moja inawaka. Breki zilikuwa za mafuta, yaani ukikanyaga pedeli unasukuma mafuta kwenye mabomba membamba, nayo yanasukuma vimpira vilivyo ndani ya kila gurudumu, na vimpira vinabana breki. Mjomba alikuwa na kopo moja la mafuta yake kutoka Nachingwea. Alilimimina, halikutosha. Akaenda sokoni kuulizia. Mimi nikabaki na kopo tupu na akili zangu. Nikaona kibuyu cha oili ya injini. Nikajiambia, mafuta ni mafuta, yote yanateleza. Nikajazia.

Mjomba aliporudi nikamwambia, "Yametosha." Na yeye, kwa furaha, hakuuliza yametoshaje.

Asubuhi tukalisukuma gari litoke uani. Halikusogea. Magurudumu yote manne yamebana kama meno ya mtoto anayekataa dawa. Mjomba akafungua moja, akatoa kimpira kilichokuwa saizi ya kifungo cha koti. Kilikuwa kimevimba kama chapati iliyomwagikiwa chai.

"Athumani," akasema, na nilijua mambo ni mabaya kwa sababu aliacha kuniita mjomba kama tulivyozoea kuitana, "ulitia nini humu?"

Sikilizeni, nieleze vizuri, kwa maana bado ninaona vijana wanafanya hili. Oili ya injini ni adui wa vimpira vya breki. Vinainywa, vinavimba, vinalainika. Vikivimba huziba kitundu kidogo cha kurudishia mafuta, na breki ikishabana haiachii tena. Hata tone lililobaki kwenye faneli linatosha kuleta matata. Usiseme mafuta ni mafuta. Maziwa na chokaa navyo vyote ni vyeupe.

Babu alikuwa amesimama nyuma yetu. Aliinama, akaokota nyundo yangu, akaipima uzito mkononi, akairudisha chini polepole. Afadhali angenitukana.

Mjomba hakunipiga. Aliingia ndani akatoka na kopo la tumbaku. Ndani mlikuwa na seti moja mpya ya vimpira aliyopewa siku ya kuagwa kazini. "Hii ndiyo ya mwisho," akasema. "Utaifunga wewe. Si mimi."

"Mimi?"

"Aliyemwaga ndiye anayejua palipolowa."

Vimpira tulikuwa navyo. Mafuta hatukuwa nayo. Ruangwa hakuna, na kuagiza Lindi ni kungojea lori, na lori lingemkuta Babu anauza majembe. Nilikaa kibarazani na lile kopo tupu, nimekata tamaa, ninalinusa tu kama mjinga. Bibi akapita, akalichukua, akanusa na yeye.

"Kuna mafuta ya nyonyo humu," akasema.

Mjomba akacheka. "Mama, hayo ni mafuta ya kiwandani."

"Kiwanda ni chao, nyonyo ni nyonyo. Nimekupaka wewe na dada zako wote. Leo mwanangu unanifundisha harufu ya nyonyo?"

Mjomba akanusa. Uso wake ukabadilika. Mbarika, mmea wenyewe wa nyonyo, ilikuwa imeota nyuma ya kila nyumba, na Bibi alikuwa anakamua mafuta yake mwenyewe. "Kweli," akasema. "Lakini kuna kitu kingine ndani. Kikali. Kinapanda puani."

Kopo likazunguka. Mimi nikanusa, nikasema sijui, na nilisema kweli. Bibi akasema hajui. Mjomba akanusa mara tatu, akakohoa, akasema hata yeye hajui, huku akitazama pembeni. Kopo likamfikia Babu, mtu wa safu ya mbele msikitini. Akanusa mara moja tu.

"Nipa," akasema. "Ile ya maji ya kwanza."

Kwa wasiojua, nipa ni pombe kali inayochemshwa kwa mabibo, na maji ya kwanza ni yale yanayotoka mwanzo, makali kuliko yote.

Bibi akaweka mikono kiunoni. "Mume wangu. Umeijuaje?"

Babu akamrudishia kopo. "Mhunzi," akasema, "anajua kila kinachowaka." Akaenda zake kwenye moto wake, mgongo umenyooka.

Petro alipopata habari, na aliipata kabla ya adhuhuri, alikuja mwenyewe na chupa imefungwa kwa gunzi. "Nimesikia mzee wangu wa msikitini amenitambua kwa harufu," akasema. "Nashukuru. Fundi hufurahi kazi yake ikijulikana."

"Mmakua we, weka chupa uondoke," Babu akafoka kutoka bandani.

Mimi nikamimina kidogo kijikoni nikaiwasha kwa kiberiti. Hili ni muhimu, msikilize. Maji hayatakiwi kwenye breki. Breki ikipata moto, maji huchemka yakawa mvuke, na mguu wako unakanyaga mvuke. Pombe ikiungua yote, kijiko kikabaki kikavu, ni sawa. Ikiacha maji, mrudishie mwenyewe. Petro alinitazama kwa uchungu. "Wenzako wanaipima kwa mdomo, wewe unanichomea!" Kijiko cha kwanza kiliacha maji. Akaondoka amenuna, akairudia kuichemsha, akaleta nyingine. Hiyo ikaungua yote. Nusu kwa nusu na nyonyo ya Bibi, ikachujwa kwa kitambaa safi cha kanga. Nyingine tulioshea mabomba mpaka oili yangu ya aibu ikaisha.

Sasa msije mkaenda kufanya hivyo. Magari yenu yana vimpira vya aina nyingine na mafuta yake yako dukani. Someni kifuniko. Ninaeleza tulivyofanya, si mtakavyofanya.

Vimpira vipya nikavifunga mimi, mafuta nikayamimina, ikabaki kutoa upepo. Mtu wa kukanyaga alitakiwa awe na mguu wa subira. Babu akajitokeza mwenyewe. "Nasikia mnataka mguu," akasema. Akaketi kwenye mkeka wa bibi harusi, nami nikaingia chini.

"Kanyaga!"

Akakanyaga, akaachia, akakanyaga, akaachia, pu pu pu pu.

"Babu, si mivukuto hiyo! Kanyaga mara moja, ushikilie!"

"Nashikilia!"

Nafungua nati ndogo, povu linatoka, nafunga. "Achia!"

"Nimeachia zamani!"

"Usiachie kabla sijasema! Upepo unaingia!"

"Mwizi wa mke wangu, miaka yote nakwambia vuta hukuvuta. Leo unaniambia shikilia."

"Vuta nilivuta, Babu!"

"Na mimi nashikilia!"

Tulianza upya mara nne. Mara ya tano akaelewa, na alipoelewa akawa bora kuliko mtu yeyote aliyewahi kunikanyagia pedeli. Alikuwa anasikiliza kwa mguu. "Bado laini," anasema. "Bado. Hapo. Hapo imekuwa kama jiwe." Ilikuwa kweli.

Tukaondoka alfajiri. Mjomba kwenye usukani, mimi nyuma na chupa ya akiba, Babu mbele na furushi la kitambaa mapajani. Lililia chuma likiwekwa.

"Nini hicho, Baba?" Mjomba akauliza.

"Nyundo na patasi. Likifa njiani nitaanza kulikata hapo hapo. Nisibebe mzigo mrefu."

Petro alikuwa amesimama njiani kutuaga. "Mpwa, mwangalie mjomba asipige chafya!"

Kuna mteremko mrefu kabla ya kufika Ruponda. Tulikuwa tunaushuka kwa gia ndogo, mimi nahesabu pumzi zangu, mara kwenye kona ya chini tukaona barabara imejaa watu. Walikuwa wanawatoa wari wa jando, wamechelewa mwaka ule kama sisi, wanawake wanapiga vigelegele, ngoma mbele, hakuna anayesikia honi yetu iliyokuwa inalia kama kifaranga. Mjomba akakanyaga. Pedeli ikazama.

"Mara ya pili!" Babu akapiga kelele kabla yangu. "Pandisha ukanyage tena! Shikilia!"

Mjomba akapandisha, akakanyaga, akashikilia. Gari likavutika kushoto, likapiga kelele, likasimama. Mpiga ngoma wa mbele aligeuka akaweka mkono juu ya boneti yetu kama mtu anayempapasa ng'ombe. Moshi ulitoka magurudumuni, na pamoja na moshi, harufu. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, aliyemfahamu Babu, akaja dirishani kusalimia, akasita, akanusa.

"Mzee Chitanda. Asubuhi yote hii?"

"Mimi sikunywa," Babu akasema. "Limekunywa gari."

Ruponda yenyewe tulifika, na pale pale bampa lilipong'oka zamani, tukasikia *ka!* Gari likainama nyuma. Kishikizo cha springi kimekatika, kile chuma kidogo kinachoshika ncha ya springi. Mjomba akashuka, akatazama, akakaa chini vumbini. Hakikuwa kitu cha kufunga kwa kamba. Mimi nikaanza kuhisi moshi wa mivukuto machoni.

Babu akashuka na furushi lake. Akalifungua taratibu juu ya boneti, mbele ya watu wa Ruponda waliokuwa wamekuja na pole zao. Nyundo ilikuwamo. Patasi haikuwamo. Kulikuwa na vishikizo vya springi vinne, vipya, vimepigwa na kupigwa msasa, na pini zake, vimepakwa mafuta ya nyonyo visishike kutu.

Mjomba akavitazama, akamtazama baba yake.

"Patasi iko wapi?"

"Nimeisahau," Babu akasema. "Fungeni upesi, jua linapanda."

Nachingwea tulifika mchana. Mjomba akalipitisha gari mbele ya banda alikolitoa, akapiga honi mara moja kwa mtu asiyekuwepo, tukala wali, tukajaza maji, tukageuza.

Na sasa lile jambo lenyewe. Tulikuwa tumebakiza kidogo kuingia Ruangwa, nyumba za kwanza zinaonekana, wakati dole langu gumba lilipoanza kuuma. Mbingu ya mbele ilikuwa nyeusi. Mjomba akakaza mwendo. Gari likajitahidi, maskini, taa zake za chura zinatazama mawingu. Halafu kioo cha mbele kikapata doa moja. Doa la pili. Kisha ikamwagika, mvua ya kwanza, kubwa, ile yenye harufu ya udongo. Waipa ya kufutia kioo hatukuwa nayo.

Mjomba aliendesha kichwa kikiwa nje ya dirisha, maji yanamshuka shingoni. Nilijua anasubiri hukumu. Mimi pia.

Babu akatoa mkono dirishani. Akauacha ulowe mpaka kiwiko. Akaurudisha, akautazama, akaupangusa kwenye kanzu.

"Umande," akasema.

"Baba," Mjomba akasema, "ni alasiri."

"Umande umechelewa. Endesha."

Tukaingia uani na umande ule unatiririka kwenye mapaa, Bibi amesimama mlangoni na kanga kichwani, na Petro chini ya mkorosho wake anapiga kelele, "Mzee, hiyo ni nini inayonyesha?" Babu akamjibu bila kugeuka kwamba Wamakua hawajui habari za hewa.

Wakulima walikuja kuulizia majembe kama kawaida, na wengine walikumbuka maneno yake ya kiangazi. Babu akaingia bandani, akalitoa lile bampa lililong'oka Ruponda, akaliweka motoni. Nilivuta mivukuto mwenyewe, bila kuambiwa. Alilipiga siku nzima likawa jembe moja, akampa Bibi Somoe.

"Nilisema litakuwa jembe," akawaambia watu. "Sikusema lote."

Gari tulilitumia miaka mingi, mpaka likachoka kabisa, na Mjomba aliishi kama alivyoahidi, mpaka likatuchakaza yeye na mimi. Jembe lipo. Limelika, limekuwa dogo kama kiganja, lakini ukiligonga kwa kifundo cha kidole bado linaitika. Vijana wa gereji wameniomba waje waone chuma cha gari la kabla ya vita. Karibuni sana. Njooni asubuhi na mapema, nitawapa mlishike mmoja mmoja. Shamba langu la ufuta liko hapo hapo nyuma ya nyumba, na mwaka huu umande umekuwa mwingi, magugu yameota vizuri.